Nani Anakula Mashini?

Kituoni kwetu, kituo cha utafiti wa mvua na ardhi, tulikuwa watu kumi na wanne, na mashini ya kuhesabia ilikuwa moja. Kila mtu alikuwa na kompyuta ndogo mezani kwake, lakini hizo zilikuwa kama madirisha tu. Hesabu zenyewe, za mvua ya milimani, za udongo unaoporomoka, za mipaka ya mashamba, zilifanywa na mashini kubwa iliyofungiwa katika chumba cha mawe meusi nyuma ya ofisi ya sefu, mkuu wa kituo. Ndani yake mlikuwa na prosesa kumi na mbili. Sisi tuliziita vichwa. Mtu akisema, "Leo nimepata vichwa vitatu tu," wote walielewa.

Mimi ndiye niliyekuwa nailinda. Kazi yangu ilikuwa kuangalia orodha ya programu zinazotembea, kuona nani kachukua vichwa vingapi, na kwenda kuongea naye kabla wenzake hawajakasirika. Maana programu moja yenye njaa ikivishika vichwa vyote kumi na viwili, wengine wanaandika herufi na inatokea kwenye kioo baada ya wao kumaliza chai. Nilikuwa na njia kadhaa za kumtuliza mwenye njaa. Ningeweza kuisimamisha programu yake kwa muda, kisha kuiachia iendelee pale ilipoishia. Ningeweza kuipandisha namba ya upole, ambayo inaanzia sifuri na kuishia kumi na tisa. Yenye kumi na tisa huwapisha wengine wote, inakula makombo. Na ningeweza kuiua. Iliyouliwa hairudi, na kama mwenyewe hakuwa ameandika matokeo yake mahali, yamekwenda.

Niseme pia kwamba nililelewa mtaa wa Katindo, humu mjini, karibu kabisa na kambi ya wanajeshi. Papa, yaani baba yetu, alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa safari ndefu na maneno machache. Alitufundisha sala zetu, kisha akatufundisha hili: "Mutu akikuuliza papa iko wapi, sema haujue. Hata kama niko nyuma ya mulango." Nilikua hivyo. Nikipewa salamu ndefu kidogo, najiuliza inatafuta nini.

Basi siku moja, Jumatatu asubuhi, nilikuta feni za mashini zinavuma hadi koridoni. Muzee wa mvua, mwenye hesabu zote za mvua na mkubwa wetu kwa umri, alikuwa amesimama mlangoni pangu, miwani mkononi.

"Papa, nani anakula mashini?" akaniuliza, maana kwetu kila mwanaume mzima huitwa papa.

Nikafungua orodha. Programu moja ilikuwa imeshika vichwa kumi na kimoja. Iliitwa mvua2.

"Ni yako, muzee. Imeandikwa mvua."

Akainama akasoma. "Hapana. Mimi sina mvua ya mbili. Na angalia jina la mwenyewe."

Niliangalia. Mwenyewe aliandikwa wageni. Hilo lilikuwa jina la pamoja tulilowatengenezea wanafunzi wa staji, waliokuja kwetu kujifunza kazi, na neno la siri lake lilikuwa limebandikwa ukutani kwa miaka. Lakini staji zilikuwa zimekoma tangu vita ilipoukaribia mji. Hatukuwa na mgeni yeyote. Kwa hiyo aliyeiwasha alikuwa mmoja wetu, naye alikuwa ameipa jina la kazi ya mtu mwingine, akajifunika kwa jina lisilo la mtu.

Niliisimamisha nikaenda kula. Niliporudi ilikuwa inatembea tena.

Programu iliyosimamishwa haiamki yenyewe. Mtu alikuwa ameketi mahali fulani katika jumba lile, ameona nilichofanya, akangoja nitoke, akaiamsha. Nikageuka nikaangalia mlango. Hapakuwa na mtu, lakini siku ile sikukaa tena na mgongo wangu mlangoni.

Nikaipandisha upole hadi kumi na tisa. Hilo lilimsaidia muzee wa mvua, hesabu zake zikapita mbele. Lakini upole hauzimi moto. Vichwa ambavyo wengine hawakuvitaka, mvua2 ilivichukua, na mashini ikachemka mchana kutwa. Umeme ulipokatika, betri zetu zilizozoea kufika jioni zikawa zinaishiwa saa nane, ikabidi tuwashe jenereta. Sefu akaniita.

"Ni nani?"

"Sijajua, sefu."

"Weye unaona kila kitu mu ile mashini. Unashindwaje kujua?"

Swali hilo liliniuma, na nadhani ndilo lililonisukuma kufanya nililolifanya baadaye.

Kulikuwa na kijana mmoja wa ramani, hodari, mcheshi, aliyekuwa na tabia ya kukunja kompyuta yake kila nipitapo. Alikuwa na simu mpya. Nilikuwa nimesikia kwamba wapo watu wanaotumia mashini za kazini kutengeneza sarafu za mtandao, kazi inayokula prosesa usiku na mchana na kumletea mwenyewe faida bila kunyanyuka. Nikaunganisha simu mpya na kompyuta inayokunjwa, nikapata mtu kamili. Kwa siku tatu nilimfuatilia. Akienda uani kupiga simu, niliandika saa. Akicheka na mtu, nilitazama walikuwa wanatazama nini. Kila nilichokiona kilikubaliana na nilichokwisha kuamini.

Nikarudi kwa sefu. "Sina uhakika," nilianza, na nilipaswa kuishia hapo. "Lakini ningekuwa wewe ningeanza na wa ramani."

Saa hiyo hiyo sefu akaniamuru nifunge njia ya kijana yule kuingia kwenye mashini. Nikaifunga. Alikuja kuniuliza kwa nini, nikamwambia ni amri ya sefu. Akarudi mezani kwake.

Mvua2 haikusimama hata dakika moja. Mtu mwenye akili tulivu angesema: basi si yeye. Mimi nikasema: basi ana mwenzake.

Siku ya nane, wakati wenzangu wamekwenda kula, niliiua. Sikuipa onyo. Feni zilishuka sauti polepole hadi nikasikia pikipiki za barabarani. Kisha nikaweka mtego: kila atakayeingia kwa jina la wageni, mashini iniandikie ameingia kutoka meza gani. Nikakaa kungoja.

Haikufika nusu saa. Meza namba sita.

Nilihesabu meza mara mbili. Ya sita ilikuwa ya mama mmoja wa makamo aliyekuwa anaingiza takwimu za mvua kutoka vituo vya milimani. Alikuwa mtu wa Masisi, mpole, mwenye kitenge safi kila siku na chupa ya chai aliyoigawa kwa wote. Tulidhani anajua kujaza jedwali na basi. Katika watu kumi na watatu niliowashuku, yeye sikuwa nimemweka hata wa mwisho.

Hapo nilifanya jambo ambalo mlinzi wa mashini ana uwezo nalo na hana ruhusa nalo. Nikafungua mafaili ya wageni.

Nilikuta majina. Kurasa baada ya kurasa za majina ya watu, maelfu, na kando ya kila jina umri, kijiji alichotoka, na kambi alikoandikwa. Kambi ya Kanyaruchinya ilijaa mafaili matatu peke yake.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa orodha ya majina na vijiji ni kitu gani. Watu wameshatolewa nyumbani kwao kwa karatasi fupi kuliko ile. Nikasahau sarafu za mtandao. Niliwaza: huyu mama anamwandikia nani? Na kwa kuwa alikuwa wa Masisi na mimi wa Butembo, na vita imewafundisha watu wetu kuogopana kwa kabila, mawazo yangu yalikimbilia mahali ambapo leo naona haya kupataja. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya ubaya wowote. Nilimwona akigawa chai, nikaanza kujiuliza hata chai ile ilikuwa ya nini.

Nilimkuta barazani, anafunga chupa yake.

"Mama, samahani. Naomba nikuulize kitu."

"Uliza, papa."

"Ni weye unatumia jina la wageni?"

Hakushtuka. Aliiweka chupa chini kwanza. "Ni weye uliua kazi yangu?"

"Ni mimi."

"Siku nane, papa. Nilikuwa nimefika ku herufi M." Akafunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilitegemea uongo au hasira. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Nimeona majina," nikasema.

Sasa akashtuka. Akatazama koridoni, akanishika mkono akanivuta hadi kwenye kona ya ukuta. "Umeonyesha nani?"

"Hakuna mutu."

"Apa kwa Mungu."

"Mama, anza weye kuniambia ni majina ya nini."

Akaniambia. Vita ilipofika kijijini kwao, kaka yake aliuawa, na mke wa kaka alikuwa amekwisha kufa zamani. Watoto wawili wa kaka, msichana na mdogo wake, walikimbia na bibi kizee mmoja wa ukoo wao. Njiani, katika msongamano wa watu na ng'ombe na magodoro, wakapotezana na jirani zao, na tangu hapo hakuna aliyewaona. Mama yule alizunguka kambi moja moja akiuliza. Kisha kambi zikavunjwa, waliokuwamo wakatawanyika, na hakukuwa na pa kuuliza tena. Kilichobaki kilikuwa orodha. Masista wa parokia walikuwa wameandika watu kwa mkono katika kila kambi, na sista mmoja, rafiki yake wa tangu shule, alikuwa amezichapa akampa nakala.

"Sasa kwa nini mashini ishikwe siku nane?" niliuliza. "Si utafute jina tu."

"Jina gani, papa? Mutoto mumoja wanamuandika mara ine, na kila mara jina lingine. Huyu anaweka R, mwingine anaweka L. Huyu anasikia Kihunde, mwingine Kinyarwanda. Mwingine anakata jina la mbele, anaacha la kanisa. Njo maana nikaandika programu inachukua kila jina inalipima na kila jina lingine, inaangalia yanafanana namna gani, nijue mutu mumoja alipita kambi gani na gani."

"Uliandika weye?"

"Njo mimi. Kuna vitabu vya wale bastajiere mu kabati. Nilisoma." Akanitazama. "Mulifikiri najua kujaza tu."

Nilimuuliza kwa nini hakuomba ruhusa. Alijibu kama mtu anayemweleza mtoto. "Nikimuomba sefu, sefu anajua liste iko. Kesho mutu anamuuliza sefu. Sefu ana bibi na batoto, atakatala? Na weye njo nilikuogopa kupita wote. Sefu haone kitu mu ile mashini. Weye unaona yote."

Nilimwamini? Nusu. Alimpigia yule sista akanipa simu niongee naye. Sauti ya mama mtu mzima ikanieleza yaleyale kwa utulivu. Lakini sauti ya simu inaweza kuwa ya yeyote, na hadithi nzuri inaweza kutungwa. Nilirudi chumbani kwangu nikasoma programu yenyewe, mstari kwa mstari, nikitafuta inataka nini hasa.

Haikuwa imeandikwa vizuri. Ilikuwa kazi ya mtu aliyejifunza peke yake, ikizunguka pale ambapo ingepita moja kwa moja. Lakini katikati palikuwa na mistari miwili iliyonikalisha chini. Kabla ya kulinganisha chochote, ilikuwa inawatupa wanaume wazima wote. Kila mwanaume wa kati ya miaka kumi na mitano na sitini ilimruka. Ilibakiza watoto, wanawake na vikongwe. Mtu anayetengeneza orodha ya kuwasaka watu hawezi kuwatupa hao. Nilisoma mistari ile mara tatu, nikaifunga.

Kesho yake, wakati wa chakula, tuliketi pamoja mezani kwangu. Nilimwonyesha namna ya kuyageuza majina yote kwanza yawe na sura moja: kila R iwe L, herufi zinazojirudia zipunguzwe, kisha kulinganisha watu wa eneo moja tu, badala ya kila mtu na kila mtu. Nilimwonyesha kuandika matokeo kila baada ya dakika kumi, ili hata ikiuawa asipoteze herufi zote. Aliandika haraka kuliko nilivyosema. Tukaipa vichwa viwili na upole wa kumi na tisa, tukaiacha ikila makombo ya wenzake. Feni hazikupanda. Ilimaliza kwa siku moja na nusu.

Wakati ikitembea alinigeukia. "Papa, hautafungua tena yale mafaili?"

"Sitafungua."

"Nitajuaje?"

Mwenye ufunguo wa milango yote hawezi kumthibitishia mtu kwamba hakuingia. Nilimwambia azifunge orodha kwa neno la siri lake mwenyewe, nikamwonyesha jinsi, nikatoka nje alipokuwa analiandika. Niliporudi niliona ameigeuza kompyuta kidogo kuelekea ukutani.

Kwa sefu nilipeleka ripoti fupi: programu ya zamani ya staji ilikuwa imeamka baada ya umeme kukatika, nimeiondoa. Alisoma, akanitazama juu ya karatasi. "Na wa ramani?"

"Nilikosea, sefu."

"Mufungulie basi," akasema, akaendelea na kazi zake. Kwake yeye jambo lilikwisha hapo.

Programu ilitoa majina yaliyokaribiana na ya wale watoto, zaidi ya mia. Mama aliyapitia kwa kalamu, akabakiza saba. Sita hayakuwa yao. La saba lilikuwa la msichana wa miaka minane, ameandikwa Kanyaruchinya pamoja na mwanamke asiye wa ukoo wao, jina lake limepinda kiasi kwamba mimi nisingelitambua. Namba ya simu ya mwanamke yule ilikuwa imekufa. Mama aliuliza kwa waliowahi kukaa naye, wiki mbili, hadi mtu mmoja akamwambia anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku.

Alinisimulia mwenyewe, barazani. Alifika pwani asubuhi mitumbwi ikishusha, akapita kati ya mabeseni ya samaki akiuliza. Akamwona msichana amechuchumaa anachambua sambaza, kichwa kimenyolewa. Alisimama kwanza, akaogopa kuita, kwa sababu akiita na mtoto asigeuke ndiyo basi. Kisha akaita jina la nyumbani, lile lisiloandikwa kwenye orodha yoyote.

"Akageuka?"

"Aliniangalia sana. Akasema, 'Shangazi, viatu vyangu vilibaki.'" Mama alicheka, machozi yakimtoka. "Mwaka muzima, papa. Alikuwa anaogopa nitamugombeza juu ya viatu."

Mdogo wake alikuwa amefariki kwa homa kambini, bibi kizee kabla yake. Mwanamke muuza sambaza alikuwa amewazika wote wawili, akamchukua msichana kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Mama alikwenda naye hadi makaburini. Yeye na yule mwanamke wakawa kama ndugu. Msichana alilala siku kadhaa kwa shangazi na siku kadhaa kwa yule mwanamke, mpaka akazoea.

Niliyebaki na deni la maneno ni mimi. Nilimfungulia kijana wa ramani njia yake, nikaenda mezani kwake. Alikuwa anachora kwenye kompyuta yake ndogo, ramani moja siku mbili nzima, kwa kuwa hakuwa na mashini kubwa.

"Nilikushuku bure," nilimwambia. "Ni mimi nilimpa sefu jina lako. Unisamehe."

Sikumweleza mvua2 ilikuwa nini, sikuweza. Kwa hiyo msamaha wangu ulikuwa na tundu katikati, naye aliliona.

Hakuuliza kwa nini nilimshuku. Aliuliza, "Ulimwambia nani mwingine?"

"Sefu peke yake."

"Hakuna mutu wa inje?"

"Hakuna."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea chenji na kujua haikutimia. Hakuingia tena kwenye mashini kubwa. Miezi michache baadaye alipata kazi Beni. Siku yake ya mwisho alikuja chumbani kwangu, mara ya kwanza tangu siku ile, akaniomba nifute kila kilicho chake. Nikafuta mbele yake. Akaniomba nimwonyeshe kwamba hakuna nakala iliyobaki. Nikatafuta kwa jina lake, mashini nzima, na kioo kikatoka kitupu. Alikisoma kile kioo kitupu kwa muda mrefu. Kisha akaomba tutafute tena, safari hii yeye mwenyewe akiliandika jina.